Mlima Bado Iko

Harshad wa duka la vipuri, pale karibu na stesheni ya Moshi,
aliposikia nampeleka kaka yangu India kwa ajili ya figo
aliniletea kilo mbili za kahawa ya Kibosho
na anwani nyuma ya risiti:
"Shangazi yangu. Mji mdogo tu. Ukipata nafasi."

Nafasi niliipata. Kaka amelala na mirija yake,
daktari kasema siku sita za kungoja,
nami sijazoea kukaa bure.
Basi la alfajiri, saa tano za mashamba ya pamba,
bizari imeanikwa ukingoni mwa lami
na mtoto ana fimbo, anailinda isiliwe na ng'ombe.

Mji wenyewe? Kama Himo siku isiyo ya gulio.
Kinyozi katundika kioo kwenye mwarobaini.
Nikamwambia mti huo kwetu upo;
akatikisa kichwa ile namna yao, ndiyo na hapana kwa pamoja.
Watoto wakanifuata, kumi, kisha ishirini,
mmoja akagusa nywele zangu, akakimbia,
akarudi, akagusa tena.
Nikawakumbuka wazungu wa Marangu,
na sisi nyuma yao tukipapasa mikoba.
Kumbe mgeni huchoka shingo.

Mlango wa buluu. Kibibi chembamba,
macho yameingia ukungu.
Akaunusa mfuko kabla hajanisalimu.
"Wewe toka Moshi?"
Ndiyo.
"Mlima bado iko?"

Nilicheka. Halafu nikaona anangoja jibu.
Upo, nikasema, ila theluji imepungua.
Akaziba mdomo kwa kiganja
kama niliyemtajia msiba.

Kiswahili chake kilikaa sandukuni miaka hamsini na ushei,
na alipolifungua, mlikuwa na amri tu:
Leta kiti. Kaa. Osha mikono.
Kula. Ongeza. Maliza.
Funga mlango, paka taingia.
Chai akaimimina kisahanini, akaipuliza mwenyewe,
akanisogezea. Nyamaza, kunywa.

Mama yangu Aikaeli alifua nguo za nyumba kama zile
miaka kumi na minne.
Maneno haya nayajua. Alipanda nayo Kiboriloni kila jioni,
akatugawia sisi, leta, osha, nyamaza,
kisha akakaa kimya, miguu ndani ya beseni.

Nikaitafuta hasira yangu pale kwenye kitanda cha kamba.
Ilikuwepo. Niliishika kwa mkono mmoja,
kwa mkono mwingine kisahani.
Neno "tafadhali" hakuwa nalo;
labda hakufundishwa, labda hakuuliza.
Basi "kula" ikabebeshwa mizigo yote:
ya karibu, ya ahsante, ya pole na safari.
Nikala.
Nikaongeza.

Jua liliposhuka nikasimama niwahi basi.
Akanishika kifundo cha mkono, akapekua sandukuni mwake
atafute la kuniagia, akapekua tena,
akalipata:
"Kesho kuja saa moja. Usichelewe."

Ndivyo mama alivyoagwa, kila siku ya Mungu.
"Ndiyo, mama," nikaitika,
na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Kaka sasa anatembea mpaka Pasua na kurudi,
analalamikia chakula kisicho na chumvi.
Jana nimepita dukani. Harshad kaacha boksi la nati:
"Shangazi alisemaje?"

Zile amri sikumpa. Za saa moja sikumpa.
Aliuliza kama mlima upo, nikamwambia.
Tukatoka barazani, tukainua nyuso kaskazini.
Mawingu matupu, toka Machame mpaka Rombo.

"Upo," akasema Harshad,
akarudi ndani kuhesabu nati zake.