Pembeni mwa Ukurasa

Butoyi, umeuliza ninasoma nini siku hizi.
Ahsante kwa swali. Hapa Tabora, dukani,
naulizwa bei ya lita, bei ya nusu lita,
na kama hii kweli ni asali ya nyuki wadogo
au nimetia sukari.

Ninasoma vitatu kwa mpigo, kwa uroho,
kiazi mkono huu, kiazi mkono ule, cha tatu mdomoni.

Cha kwanza hakina jalada. Kinaanzia ukurasa wa kumi na tisa,
katikati ya ugomvi wa mashemeji.
Sijui nani alianza. Upande nimeshachagua.

Cha pili, usicheke, ni cha ufugaji wa nyuki.
Alikisahau afisa aliyekuja kukagua mizinga.
Humo mna sentensi moja: malkia akifa,
mzinga hubadili mlio.
Nilifunga mlango wa duka mchana kweupe
nikaisoma tena kwa sauti.
Wateja wakadhani nimefiwa.

Cha tatu ndicho chetu, kile cha mjane mchonga funguo.
Hicho sisomi hadithi. Nasoma pembeni.

Unakumbuka nilikituma kwa treni mwezi wa tatu,
ndani ya mfuko wa unga, kwa kamba ya katani,
kikafika kwako Ujiji baada ya siku ishirini na tatu.
Tukalaumu mvua. Tukalaumu daraja la Malagarasi.
Mimi, Mungu anisamehe, nilimlaumu hata stesheni masta.
Juzi umekirudisha. Kina doa la mawese ukurasa wa arobaini
(hilo ni lako, usikatae)
na kina maandishi ya penseli, madogo, yanayoyumba.
Nikasema, huyu Butoyi ukunga umemharibia mwandiko.
Kumbe.

*Usoke. Mume ni mwongo. Tazama viatu vyake.*

*Kaliua. Taa za behewa zimekufa. Naendelea kwa tochi.*

*Usinge. Nimeruka sura ya mahari. Nimeona aibu, nimerudi.*

*Nguruka. Mama mwenye ndoo tupu za samaki
kaniomba nisome kwa sauti. Kashuka ukurasa wa themanini na nane
akininung'unikia, kana kwamba mimi ndiye niliyejenga stesheni hapa.*

*Uvinza, saa tisa usiku. Asifungue. Asifungue.
Kafungua.*

Halafu mwandiko uleule, safari nyingine:
*Kaliua tena. Narudia. Sasa najua,
na bado namwambia asifungue.*

Na chini kabisa, baada ya neno la mwisho:
*Kigoma. Mwenye mzigo, samahani.
Zamu tatu nimekaa nacho. Behewa la nne.*

Jina hakuandika. Nimekwenda stesheni mara mbili,
nikajifanya naulizia nauli ya Mpanda,
macho kwenye vidole vya wakata tiketi,
nani ana wino, nani ana weusi wa penseli.
Mmoja alikuwa akila karanga.
Mwingine alinitazama kwa muda, akaniuliza
kama nimepotelewa na mtu.
Nikasema ndiyo, kisha hapana, kisha nikanunua karanga.

Basi nitakutumia kile cha mashemeji
nikishakimaliza, labda Jumapili.
Kamba sitaikaza.
Nitatia na penseli, nimeichonga ncha zote mbili.
Kikichelewa usimpigie mtu simu.

Ila nisaidie jambo moja, wewe uliye upande huo wa reli.
Kuna mwanamke Nguruka, sijui jina lake,
anauza samaki, anapanga ndoo,
anazima kibatari, analala,
na mkono wa mjane bado uko kwenye komeo,
na hakuna aliyemwambia.