Nitaeleza Kesho

Fomu ina visanduku viwili tu:
KUBORESHA. KUHAMA.
Kalamu wameniachia mimi, kwa kuwa ndimi nilalaye na simu kifuani
kiwanda cha maziwa cha Obihiro kikikohoa usiku.

Mfumo wetu mkuu una miaka kumi na minne.
Kazi yake ni kuwahesabu wenzake:
nani yu hai, nani kajaa diski,
nani hajavaa kiraka cha mwezi huu,
nani kanyamaza.
Walioutengeneza wametangaza siku ya kuutupa mkono.
Baada ya Machi, ufa ukitokea, hakuna wa kuuziba
ila sisi wawili, mimi na kijana Nagumo,
na Nagumo anajifunza Kireno apate kuondoka.

Bwana Eto wa kampuni ya mauzo alikuja na kishikwambi na keki.
Hameni, akasema. Huko hakuna vumbi wala feni,
mtalipa kwa mwezi, kama maji.
Meneja Kuriyama, aliyewahi kukatiwa maji,
aliinua kikombe akakirudisha bila kunywa.
Huyu ni mtu wa mbacha wake,
msala upitao haumtingishi.
Toleo jipya, akasema, juu ya msingi ule ule.

Mimi nimeuona huo msingi.
Umeandikwa na watu watatu waliogombana,
na nywila yake ni jina la mbwa aliyekwisha kufa.

Nikaomba wiki moja. Anayehama huhesabu vyombo kwanza.
Nikahesabu. Mashine elfu moja mia moja na kumi na mbili
nilizigusa, au nilimwona aliyezigusa.
Orodha ikasema kumi na tatu.

Moja ilikuwa ikiitika kila dakika tano,
nipo,
nipo,
wala hapakuwa na mtu aliyejua ni wapi.

Siku tatu nilifuata kebo.
Nyuma ya chumba cha siagi, chini ya bomba la maji ya chumvi,
ndani ya sanduku la bati lililoganda bawaba,
nikaikuta: ndogo kama kamusi, vuguvugu kama mkate.
Juu yake karatasi, mwandiko wa Hamaguchi:
*Usizime. Nitaeleza kesho.*

Hamaguchi alistaafu, tukampa saa na maua.
Mwezi wa sita akaanguka akipalilia viazi.
Kesho yake imebaki hapa, kwenye gundi iliyokauka.

Nilikaa juu ya ndoo, nikasoma inachofanya.
Huliuliza tangi namba sita joto lake,
na jibu likivuka nyuzi nne, hupiga simu
kwa namba ambayo sasa ni ya mjane wake.

Nikampigia. Ndiyo, akasema, hulia,
mara mbili au tatu kila kiangazi.
Sauti inasema sita, sita, sita.
Namwamkia mlinzi wa getini kwa simu, namwambia sita,
kama alivyokuwa akifanya yeye.
Nilidhani mnajua.

Bwana Eto, kwenye jedwali lako la gharama
mama huyu umemweka safu gani?

Leo nimetia alama. Kuhama.
Si kwa ajili ya keki.
Kitu kinachosimama kwa sababu bibi wa miaka sabini na minane
ana usingizi mwepesi
hakijaimarika, kimebahatika tu.
Lakini pembeni, nje ya kisanduku, nimeandika:
hii ndiyo ya mwisho kuzimwa,
na kabla ya kuzimwa aulizwe mjane
kama angependa ilie mara moja zaidi.

Kuriyama amesoma pembeni kwanza, kisha kisanduku,
akapiga muhuri bila neno.
Nagumo, koti begani, akauliza tunaanza lini,
nami, Mungu anisamehe,
nilikaribia kumjibu kesho.