Kiwango

Siku ya nne ya sindano, baba alianza kufukuza nyuki.
Kitete, wodi ya wanaume, saa nane za usiku:
mkono unaruka, unatulia, unaruka tena,
na nyuki hakuna.
Nikamwamsha nesi. Huyu si baba, nikasema.
Mzee Mihayo amerina asali miaka arobaini
misitu ya Sikonge, moshi kidogo, kifua wazi.
Akiumwa hutulia. Hajawahi kumpunga nyuki.

Nesi akaandika: anaweweseka.

Asubuhi kijiko kikakosa jina.
Alikitazama sana, akakiita mlango,
akaniita mimi kwa jina la shangazi tuliyemzika Urambo.
Binamu yangu Ntabo akanivutia koridoni:
tumtoe, yupo mtu Ipuli anayajua haya,
anataka mbuzi mweusi na elfu sabini.
Mimi nilikuwa na elfu kumi na mbili na chaja ya simu.

Daktari Kagoma, kijana, viatu vyote vumbi,
hakutaja pepo, hakutaja malaria.
Aliuliza anakojoa mara ngapi.
Nikaona haya. Nikahesabu: mara moja, tangu jana.
Akachora figo nyuma ya kadi yetu,
figo lenye mlango mwembamba.
"Dawa ni nzuri, kidonda kinakauka.
Lakini inaingia kwa ndoo, inatoka kwa kijiko.
Iliyobaki imempanda kichwani."
Mlango. Kijiko.
Nikacheka, vibaya, mbele za watu.

Wakamtoa damu, kichupa kimoja,
kikalazwa kwenye barafu, kikapanda basi la alfajiri
kwenda Dar, kwenye mashine inayojua kuuliza damu:
umebeba dawa kiasi gani?
Sindano ikasimamishwa siku ileile.
"Karatasi itatukuta njiani," alisema.

Siku ya tatu mkono ukalala juu ya shuka.
Akaomba uji. Akasema, hicho kijiko kioshe kwanza.
Nikaenda bombani, nikakiosha
mpaka ndoo ya mwenzangu ikajaa, ikamwagika.

Majibu yalifika tukiwa tumesharudi nyumbani:
tarakimu moja, imezungushiwa wino,
mara tatu ya kile ambacho mwili ungebeba.
Ntabo bado anasema mbuzi angewahi zaidi.
Baba hakumjibu. Aliikunja karatasi
akaitia kwenye kopo la risiti za asali.

Maisha yake yote amepima asali kwa jicho.
Juzi sokoni, mteja ameshanyoosha chupa,
nikamsikia: ngoja kwanza,
niazime mizani.