Chokaa

Mimi ndiye mchora mistari.
Ndoo, kamba, brashi ya mkonge;
kila Jumamosi kabla jua halijashika mabati ya Shimanzi
natembea kinyumenyume, mgongo umepinda,
nikiziambia nyasi: hapa ndani, hapa nje.

Siku ya fainali ya vyuo mvua ilituchelewesha,
chokaa ilikuwa bado mbichi.
Dakika ya tisini na nne, Dzombo wa mwaka wa pili,
mwanafunzi wa uashi, asiyejua kupiga kichwa,
alipiga kichwa.

Sikusikia filimbi. Nilisikia viatu.
Watu elfu na ushei, waliokalia mawe na magurudumu ya lori,
waliukanyaga mstari wangu kana kwamba haupo,
wakambeba Dzombo hadi jezi ikapasuka mgongoni.
Refa alichutama penye kibendera cha kona,
mikono kichwani, kama aliyevamiwa na nyuki.
Na mimi, yakhe, nisiseme uongo,
nilikimbia na ndoo mkononi.

Golini, kijana wa upande wa pili alikuwa bado chini.
Righa, kipa wao.
Kuna aliyemkanyaga mkono. Kidole cha shahada
kilielekea upande usio wake.
Alikuwa akiita, lakini alikuwa akiita ndani ya furaha yetu.

Barua ilifika Jumanne.
Mara ya kwanza, laki moja na nusu.
Mara ya pili, laki tatu.
Mara ya tatu haikuandikwa, ilipigiwa mstari tu.
Na mechi ijayo ichezwe pasi na mtazamaji.

Bwana Mwakio wa fedha akataka majina:
kila aliyeingia, mia tano.
Hakuna aliyeingia. Chuo kizima kilikuwa kimekwenda haja,
au kusali, au kununua viazi karai.
“Basi nionyesheni viatu,” akasema.

Wakapita mabwenini na tochi.
Chini ya vitanda, weupe. Jikoni, ndara za mpishi, nyeupe.
Nyayo zikapanda ngazi za ofisi moja moja, hazina haraka,
zikavuka zulia la Mlezi wa Wanafunzi,
zikaingia chini ya meza.
Bi Mwanahamisi akatazama miguu yake mwenyewe.
“Hapakuwa na lango,” akasema. “Hapakuwa na ukuta.
Palikuwa na mstari tu.”
Akafungua mkoba, akaweka mia tano mezani,
akaomba risiti.

Pesa zilitimia kufika Ijumaa. Zikaenda kwa shirikisho.
Kidole cha Righa hakikutajwa kwenye barua,
hakikuwa na safu yake kwenye daftari la Mwakio.
Mia tano yangu sijaipeleka ofisini.
Niliipeleka Mikindani. Mamake alinipa maji ya kunywa,
hakuniuliza jina,
akaitazama suruali yangu, magotini,
pale chokaa isipotoka hata kwa sabuni ya kipande.

Jumamosi iliyofuata nilichora kama kawaida.
Askari wawili langoni, mbwa mmoja, kunguru.
Uliweza kusikia mchezaji akimeza mate.
Dzombo akafunga tena, kwa mguu safari hii,
na wavu ukatoa sauti ya shuka inayokung'utwa.
Akakimbia, mikono wazi, upande ule ule wa siku zote.
Mawe. Magurudumu ya lori.
Akasimama penye mstari, ncha ya kiatu juu ya chokaa,
mimi ng'ambo, ndoo miguuni,
kati yetu upana wa kiganja.

“Hongera,” nikasema,
kwa sauti ya mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa.

Akatikisa kichwa, akarudi kati.
Alama ya kiatu ikabaki.
Nikaiangalia kwa muda,
kisha nikainama, nikachovya brashi.