Barieri

Shangazi Nabintu aliuliza kabla hujamaliza sambaza:
"Miaka kumi na moja Marekani, kazi yako ilikuwa gani hasa?"
Ukapangusa vidole.
"Kuna mtu ana mpira uliochongoka kama avoka.
Anataka kupita.
Mimi namkatalia."
Shangazi akatazama dirishani, kule barabara inakopindia Panzi.
"Kumbe ulikuwa barieri," akasema.
"Na ulikuwa unawatoza ngapi?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa.
Wewe ulicheka ukishika shingo.

Uliondoka Nyamugo una miaka tisa,
ulikuwa ukishuka ngazi za Kadutu mbilimbili
na ndoo kichwani, tone halimwagiki.
Kisha kambi, kisha ndege, kisha picha:
helmeti, mabega ya plastiki, namba hamsini na nne,
na mgongoni MURHULA,
ambalo kwa Mashi ni amani.
Watangazaji walilitafuna jina, wakatema nusu,
wakakupenda hivyo hivyo
kwa namna ulivyoangusha watu.

Timu tatu.
Goti la kushoto lilipasuliwa mara mbili, la kulia mara moja.
Timu ya kwanza ilikuchagua, ya pili ilikubadilisha na mtu mwingine
kama mama wa sokoni anavyobadilisha sahani ya maharage na ya unga,
ya tatu ilikuacha kwa simu, Jumanne asubuhi,
ukiwa kwenye foleni na viatu vya mtoto mkononi.
Hayo hukutuandikia. Ulituma pesa za bati.
Bati hili linalopigwa na mvua sasa hivi
ni mtu fulani, simjui,
uliyemlaza kwenye nyasi mbele ya watu elfu sitini.

Usiku unaamka, unaniuliza mimi ni nani.
Nakwambia: Furaha, dada yako.
Unasema asante, kwa adabu, kama mgeni.
"Ni vichwa," ulinieleza mara moja. "Viligongana sana."
Hukuongeza neno, nami sikuchimba.

Leo tumeshuka sokoni, wewe na ukuta,
ngazi moja, pumzi, ngazi moja,
na kutoka chini akaja mama mbeba mizigo,
kamba kwenye paji la uso, gunia la muhogo mgongoni,
haoni kitu ila vidole vya miguu yake.
Nikakuona.
Magoti yale mabovu yakajikunja yenyewe,
mikono ikafunguka, uzito ukahamia mbele.
Kati yenu hatua nne. Tatu.
"Njia, baba," akasema bila kuinua uso.

Ukageuka ubavu. Ukajibandika ukutani
kama tangazo la zamani.
Akapita. Wakapita wanne nyuma yake,
na mtoto mwenye kuku, na jasho lao wote.
Wewe bado umesimama, mikono wazi.

"Umewatoza ngapi?" nikakuuliza.

Ulichelewa kunielewa.
Kisha ukacheka, ukishika shingo,
na mvua ikaanza, na chini yetu
zilibaki ngazi mia na kitu.