Idadi ya Wanufaika

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Mimi karani wa kanisa sina kompyuta,
nina simu ya kioo kilichopasuka
na kiti hiki katika saiba ya Fidelis, Mukuru,
anayenipunguzia bei kwa sababu mama yake
huimba nasi sauti ya tatu.
Mwisho wa kupokea maombi: leo Ijumaa, saa sita usiku.

"Eleza tatizo kwa maneno mia mbili."
Nikaandika: Watoto wana njaa.
Pembeni pakasema: yamebaki mia moja tisini na saba.

Njaa haina maneno mengi,
aliye nayo harefushi hotuba.
Fidelis akasema ongeza "ustahimilivu",
ongeza "mkabala jumuishi",
wafadhili huyapenda hayo.
Nikayaongeza, nikaona haya,
kama mtu aliyeazima koti la kwendea harusini
na mwenye koti yumo humo ukumbini.

Ukurasa wa tano:
"Mchango wenu wenyewe, kwa thamani ya fedha."
Sufuria mbili, moja haina mkono.
Kuni, mabaki ya mbao za fundi Odindo.
Mgongo wa shemasi Drusilla Mbithe
tangu saa kumi alfajiri kila Jumamosi,
mwaka wa sita huu.
Mgongo ni shilingi ngapi?
Nikaweka kistari.

Ukurasa wa saba, gharama zisizokubalika:
ujenzi, mishahara, chakula.
Nikarudia kusoma.
Chakula.
Zinazokubalika: semina, bango, kalamu,
posho ya mwezeshaji, chai ya mwezeshaji.

Nikampigia mweka hazina, Mzee Lijodi.
Alikuwa amelala, akaamka na imani yake yote.
"Uji tuuite nyenzo za mafunzo," nikamwambia.
Kimya. Nikasikia mvua ikipiga mabati yake
kabla haijafika kwangu.
"Kalisti," akasema, "uji ni uji.
Siku wakija kuukagua
waliite hilo jina lako, nao usiitike,
tutasema nini?"
Akakata simu. Au salio lilikwisha.

Ukurasa wa tisa: idadi ya wanufaika,
ambatisha ushahidi.
Hapo nikavuta pumzi. Hapo tulikuwa tumejipanga.
Kila kikombe kikitoka,
Mbithe hudondosha haragwe moja
katika kopo kuukuu la rangi.
Tangu Januari. Hatujapata kulimwaga.
Nikakimbia kanisani, maji yamefika kifundoni,
mfukoni nina mfuko wa nailoni wa kubebea ushahidi.

Kopo lilikuwa limeoshwa,
limelazwa kifudifudi juu ya meza ya Bwana.
Mbithe alikuwa akipanga vikombe vya kesho.
"Jumamosi iliyopita unga uliisha,"
akasema bila kugeuka.
"Nikachemsha hesabu."

Hakucheka yeye.
Mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo,
kisha nikaona kwamba silii, ila karibu.
"Walishiba?"
"Kitinda mimba wa Syombua aliongezewa mara tatu.
Akalala palepale, kijiko mkononi."

Saa sita kasoro dakika nane.
Stima ikapepesa, ikatuhurumia.
Idadi ya wanufaika:
nikaandika "wote".
Mfumo ukakataa. Weka tarakimu.
Nikaandika elfu nne, nikaitazama,
ikanitazama, imevaa lile koti la kuazima.
Nikaifuta.
Nikaweka moja.

"Moja?" Fidelis akauliza, kidole hewani.
"Yule wa kijiko," nikamwambia. "Ana mashahidi."

Akabonyeza.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Nje mvua ilikuwa imepungua,
na mtu alikuwa akigonga duka la Mama Zena lililofungwa,
akigonga kwa adabu, kama mkopaji:
nilimjua Mbithe kwa kikohozi chake.

Kesho Jumamosi.
Unga bado.