Gari Moja, Laelekea Mashariki

Kabla ya kila tuta, sheria ni moja:
shika kipaza, bonyeza, waambie usiowaona,
"Gari moja, laelekea mashariki, napanda."
Kisha unaachia kidole, unasikiliza redio
ikichakacha kama mafuta
yanayokaangwa jikoni kwa watu wengine.
Hajibu mtu. Unapanda.

Siku ya kwanza niliyahesabu:
matuta arobaini na matatu hadi chakula cha mchana,
mkate na dagaa wa kopo,
kisha nzi wakanipotezea hesabu.
Yote mekundu, yote yamelala kusini kwa kaskazini
kama mbavu za mnyama aliyekufa
kabla hajapewa jina.

Ljubo alisema, Zdenka, huendi peke yako,
una miaka sitini na moja na goti la bandia.
Nikamjibu, goti hili limenigharimu
kuliko hilo gari lako.
Tulikuwa bado tunasemezana.
Hiyo ilikuwa Machi. Aprili akaliuza shimo la baba kule Coober Pedy,
lile tulilolichimba sote watatu tukitafuta opali,
tukipata zaidi kikohozi.
Nilipata habari kwa barua ya wakili.
Tangu hapo nimejaa upepo
kama tairi la barabara ya lami.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, tuta likanikataa.
Mwenda pole hajikwai, ndivyo isemwavyo.
Hapa mwenda pole hukwama,
na mwenda kasi hukwama vilevile,
ila juu zaidi, na kwa aibu zaidi.
Mara tatu nilipanda, mara tatu nikarudi kinyumenyume,
bendera kwenye mlingoti wake ikinipungia
kama mtu anayeaga.

Nikashuka na sepetu, nikaitupa.
Nikapiga magoti, la mfupa na la chuma,
nikafungua vali.
Paundi ishirini na nne hadi kumi na sita,
gurudumu baada ya gurudumu.
Tairi linalegea, linaota kitambi,
linakubali kulala juu ya mchanga.
Safari hii gari lilipanda likigugumia tu,
kama mzee anayetoka kitandani.

Nilitua chini ya migunga.
Mgunga wa huku hunuka mvua ikikaribia;
usiku ule haukunuka chochote.
Nikachemsha chai, nikang'oa mbegu za nyasi kwenye rejeta
moja moja, kwa koleo la nyusi.
Nyota sizisemi. Zimekwisha kusemwa.

Nilimfikiria Dulcie, askari wa hifadhi
aliyekagua kibali changu kule Birdsville.
Yeye ni Mwangkangurru. Aliniambia bibi zake waliishi humu humu
kwa visima walivyochimba kwa mikono,
vyembamba kama koo, virefu kuliko watu watatu.
Nilitaka kumwambia, hata mimi ni mchimbaji.
Nikameza.
Wao walichimba wanywe.

Asubuhi, nyayo za dingo zilizunguka hema mara mbili
na kwenda zake. Kiatu kimoja kilikuwa kimehamishwa,
hakikuibwa, kimehamishwa tu,
kama mtu aliyetaka nijue kwamba alipita.

Redio yangu hufika kilomita kumi na tano.
Ljubo yuko zaidi ya mia tano.
Chini ya tuta la siku ya tatu nikabonyeza:
"Gari moja, laelekea mashariki, napanda.
Matairi paundi kumi na sita.
Bado nina hasira, lakini shimo lilikuwa limekauka,
na wewe ulikuwa na deni, na hukujua uniambieje."
Nikaachia kidole.
Mafuta yakakaangwa.

Halafu sauti ya kijana, mdomo umejaa chakula:
"Hapo mwisho sijakupata vizuri.
Hebu rudia."

Nikatazama juu, mahali mchanga unapokatika na mbingu kuanza.
"Gari moja," nikasema.
"Napanda."
"Nimekupata, mama," akasema. "Nakupisha.
Nakusubiri huku upande wa pili."